Siyo fasti chaja iliyoniunguzia gari, ni mimi na haraka zangu

Kuna ndugu kaniandikia inboksi wiki hii, ana gari la umeme jipya kabisa, anauliza eti ni kweli fasti chaja, zile chaja za haraka za vituoni, zina spaiki za volti, yaani volti kuruka juu ghafla, zinazoua gari, ndo maana yeye anachajia nyumbani tu kwenye soketi ya ukutani. Nilicheka, afu nikaumia, maana mwaka juzi na mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo na ndo imani iliyonilaza gari wiki sita.

Ilikuwa hivi. Gari liko kwenye chaji nyumbani, usiku umeme ukakatika, sikujali nikalala zangu. Alfajiri ukarudi, ukakatika, ukarudi tena kwa fujo, nikasikia "tap!" moja tu kutoka upande wa gari. Asubuhi halichaji. Nikalisogeza mpaka kwenye fasti chaja huku moyo unadunda, nikachomeka, likala umeme kama hakuna kilichotokea! Nikaona basi gari ni zima, ni kompyuta yake tu inasumbua. Kumbe wapi.

Fundi ndo kanifungua macho. Ukichajia nyumbani unaingiza AC, umeme wa kwenda na kurudi wa ukutani, na gari lenyewe lina chaja tumboni, onbodi chaja, inayoibadilisha kuwa DC, umeme wa upande mmoja ambao betri inautaka. Fasti chaja hiyo kazi inaifanyia kwenye kabati lake huko nje, kwenye gari inaingia DC tayari, moja kwa moja mpaka betri. Kwa hiyo spaiki ya gridi, yaani ya mtandao wa umeme, ikija, kule inakutana kwanza na kabati la watu lenye transfoma na kinga zake, nyumbani inakutana na onbodi chaja yako wewe. Yangu ilikufa hapo hapo. Waranti wakakataa, barua pepe ya mistari miwili, "hitilafu ya umeme wa nje". Sitawataja ila bado inaniuma.

Na mimi ndo nilikuwa najigamba nina breka nzuri kwenye ubao wa umeme nyumbani! Jamani, breka ni ya ovalodi na shoti, inakata kwa milisekunde. Saji, hiyo spaiki yenyewe, iwe ya radi au ya kuwasha na kuzima gridi, inapanda na kushuka kwa maikrosekunde, yaani breka inapoanza kushtuka mwizi keshatoka na tivii.

Sasa sehemu ya aibu. Fundi alipochomeka laptopu yake akasoma rekodi za gari, akanigeukia taratibu: "Kaka, hivi ukiwa kwenye fasti chaja unazimaje?" Nikamwambia ukweli, apu inachelewa, mi nabonyeza kile kitufe chekundu cha dharura, konekta inaachia, naondoka. Zile mara nilizolazimika kwenda huko nilikuwa nafanya hivyo karibu kila mara na nilijiona mjanja kuliko wale wanaosubiri.

Ngoja nieleze hapa vizuri. Ukichomeka, gari na chaja zinaongea kwanza, insulesheni inapimwa, chaja inapandisha volti taratibu mpaka zikaribiane na za betri, iwe gari la volti 400 au la 800, ndo kontakta za gari, zile swichi kubwa za kuunga na kukata betri, zinafunga. Yote hayo ili pasiwe na mshtuko. Ukizima kistaarabu, mkondo unashushwa kwanza mpaka karibu na sifuri, halafu kontakta zinaachia. Mimi mkondo uko ampea 150 nabonyeza chekundu! Mkondo mkubwa ukikatwa ghafla, koili na nyaya zinagoma, volti inaruka juu papo hapo na kontakta zinapiga cheche. Chaja zinatengenezwa kuubana huo mruko, lakini hiyo ni kinga ya siku ya ajali, wewe unaifanya mazoea? Kontakta zangu zilikuwa zimeanza kuliwa, zikabadilishwa pamoja na onbodi chaja.

Baada ya hapo nikafunga SPD, kile kifaa cha kumeza saji na kuitupa kwenye ethi, aina ya 2, kwenye ubao wa umeme wa nyumbani. Fundi wa kwanza akaipachika mbali, waya kauzungusha vizuuuri kama mita moja na nusu, unapendeza kweli. Fundi wa pili akacheka. Viwango vya kimataifa vya umeme, IEC, vinataka hizo nyaya za kuiunganisha zisizidi nusu mita, kwa sababu kila mita inaweza kukuongezea kama volti 1,000 saji kubwa ikipita. Halafu akafuata waya wa ethi, akakuta umeishia ndani ya ukuta. Haukufika ardhini! Miaka yote hiyo saji haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye gari langu.

Mtu ananunua gari, rimu za kung'aa, viti vya ngozi, lakini ethi hajawahi kuiulizia hata siku moja. Kapime ethi yako. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa, usiniambie una SPD. Na SPD haikusaidii kama nyutro imekatika na volti 230 zimepanda kuelekea 400 zikakaa hapo, hiyo inataka relei ya volti, ile inayokata na kusubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kurudisha. Ningekuwa na hiyo relei usiku ule gari lisingeonja ile katika-rudi, katika-rudi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa inboksi, nenda fasti chaja bila hofu, ila zima kwenye skrini au apu, subiri konekta ijiachie yenyewe, hata ukiwa na haraka. Ukishafunga SPD nyumbani uwe unatupia jicho kidirisha chake, maana varista, vile vipande vya ndani vinavyomeza saji, zinachoka kila zinapomeza saji. Changu juzi baada ya radi nilikikuta chekundu, yaani SPD imekwisha, gari lilikuwa limechomolewa tangu jioni. Katriji mpya, kile kipande chake cha kubadilisha, inafungwa kesho, mpaka hapo naenda fasti chaja.