Kabla hujalipia kadi ya grafiki Luthuli

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta kadi ya grafiki ya mtumba, usishangae kukuta 3DMark, programu ya kupima nguvu ya kadi, imeshaendeshwa na alama inakusubiri kwenye skrini. Alama hiyo yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikufae. Kipimo cha aina hii ni hodari wa kuonyesha kama kadi ni mzima na kama ni ile unayoambiwa. Kukuchagulia kadi ya kununua, hapo kinachemka.

Anza na GPU-Z, programu ndogo inayobebeka kwenye flashi na kukusomea kadi ni ipi hasa. GTX 1050 Ti halali ina chipu ya GP107, na mstari wa Shaders (idadi ya viini vya hesabu) husoma 768. Ukiona GF116, hiyo ni kadi ya kale iliyobadilishwa jina kwenye BIOS, programu iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Rudisha pesa yako mfukoni. RX 580 kamili ina Shaders 2304. Ikisoma 2048 si feki, ni toleo lililopunguzwa linalokaribia RX 570, basi bei nayo ishuke. Kisha bonyeza alama ya kuuliza kando ya Bus Interface ili kadi iamke, uone inatumia njia ngapi za data (x4, x8 au x16). Kadi ya x16 inayosoma x4 huenda imechomekwa kwenye sloti ya chini, au meno yake yana uchafu.

Sasa Time Spy, jaribio mojawapo la 3DMark. Iache alama kubwa ya juu, soma Graphics Score. Ile ya juu imechanganya kadi na prosesa kwa uzito wa asilimia 85 na 15, kwa hiyo kompyuta ya ex-UK (mtumba wa Uingereza) yenye prosesa ya i5 ya zamani itaishusha bila kosa la kadi. Linganisha na matokeo ya kadi ileile kutoka kwa watu wengine. Tofauti ya asilimia 1 hadi 3 ni kawaida hata ukirudia mwenyewe. Ikipungua kwa asilimia 10, kuna jambo: joto, draiva ya zamani, sloti mbaya, au laptopu ambayo haijachomekwa kwenye stima.

Wanunuzi wengi huliwa kwenye muda. Majaribio ya grafiki ya Time Spy huchukua dakika chache tu, na kadi iliyochomwa kwa hita ili chipu ishike tena hupita ikiwa bado baridi. Washa Unigine Heaven, programu nyingine ya kupima kadi, ambayo huzunguka yenyewe mpaka uizime, uiache dakika 20 hadi 30 huku ukitazama ukurasa wa Sensors wa GPU-Z. GTX za mfululizo wa 10 huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83. Kama kadi inaonyesha Hot Spot (sehemu yenye joto zaidi ya chipu), na imezidi joto la kawaida kwa nyuzi 25 au 30, peisti inayopitisha joto imekauka au hitisinki, chuma cha kupoza, haijakaa sawa. Hilo fundi analimaliza. Vidoti vya rangi au miraba inayorukaruka ni memori mbovu, na hapo usibishane bei, ondoka. Kompyuta ikijizima na kuwaka upya, chunguza pawasaplai kabla ya kuilaumu kadi: RX 580 hula wati 185, na vile vikasha vidogo vya ofisini vingi vina pawasaplai isiyofika hata 300.

Kadi imepita yote? Bado hujajua kama inakufaa. GTX 1060 ya GB 6 na RX 580 zinakaribiana sana kwenye Time Spy. Lakini mpe RX 580 mtu wa Blender, programu ya picha za 3D: tangu toleo la 3.0, Cycles, injini yake ya kutengeneza picha, haiitumii kabisa, kazi yote inaangukia prosesa. RTX 4060 Ti ya GB 8 na ya GB 16 nazo hutoa alama karibu sawa, kwa kuwa jaribio halijazi memori. Mchezo mzito wa leo unaijaza, na ya GB 8 inaanza kukwamakwama. Anayehariri video za harusi anategemea sana sehemu ya kadi inayosimba video, na Time Spy haiigusi hata kidogo.

Hivyo beba kazi yako kwenye flashi: mradi mmoja halisi wa dakika 5, uutoe (export) hapo dukani ukihesabu muda. Kwa mchezo, shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Fremu kwa sekunde zisipoongezeka, kinachokubana ni prosesa, na kadi kubwa zaidi haitakuongezea kitu.