Nimekatazwa kwenda kumsikiliza tajiri

Shangazi, mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Mwekezaji mmoja tajiri sana, anayejulikana na kila mtu, atazungumza Dar es Salaam. Kiingilio, nauli na mahali pa kulala vinafika laki tatu. Mume wangu amekataa, anasema hela iliyopo ni ada ya mtoto. Lakini Coastal Union wakicheza Mkwakwani yeye haniulizi, anakwenda tu. Nimeumia. Niende kwa siri? – M.

Mwanangu M., kwa siri usiende. Utarudi na mengi kichwani na hutakuwa na wa kumsimulia.

Kuhusu mpira, haki ni yako, na mumeo aambiwe. Ila usilitaje siku moja na suala la ada, ataona unalipiza kisasi.

Ada usiiguse. Hamu yako ya kujifunza kuwekeza naipenda, na sitaki mtu aizime. Lakini hebu kitazame hicho kiingilio. Miaka mingi watu walifunga safari hadi Omaha, Marekani, kumsikiliza mwekezaji tajiri Warren Buffett akijibu maswali katika mkutano wa kampuni yake, Berkshire Hathaway. Kilichowafungulia mlango ni hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni: walikuwa wanahisa, au wageni wa wanahisa. Mlango wa namna hiyo hata wewe unaweza kuupata. Benki za CRDB na NMB zimo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mwenye hisa, hata chache, ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu na kuhoji faida imekwenda wapi. Tenga kidogo kila ukikabidhi nguo ya mteja, kisha ununue kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Usikope. Buffett alinunua hisa zake za kwanza akiwa na miaka 11, na sehemu kubwa ya utajiri wake imekuja baada ya kuvuka miaka 60. Urefu huo wa miaka haufupishwi na mazungumzo ya siku moja.

Kama roho bado inataka kumwona huyo bwana, nenda kwa hela ya cherehani yako, ada ikishalipwa, na mumeo akijua. Wakianza kuchangisha watu fedha za "fursa" ukumbini, usitoe hata shilingi kabla ya kuuliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama wana leseni.

Wiki hii kaeni wawili na daftari. Muandike ada kwanza, halafu chakula, halafu kiasi cha mpira wake na kiasi cha hisa zako, na viwili hivyo vya mwisho vilingane.