Mkeo hachukii sanaa, anachukia kufichwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mchoraji na sina kazi nyingine. Mwezi uliopita niliamua kujinoa upya: mchana nilikuwa nikienda makumbusho kutazama kazi za mabingwa, jioni nikifundisha darasa la watu wazima wanaoanza kuchora, na kila nilipopata nafasi nilijaribu kuchapa picha za buluu kwa mwanga wa jua. Nilichukua kidogo kwenye akiba yetu kununua karatasi na dawa za kuchapia. Badala ya kunitia moyo, mke wangu aliniuliza mbele ya watoto, "Mwezi mzima umetengeneza nini?" Isitoshe, picha zangu nzuri kuliko zote zilififia kwa sababu aliacha sabuni kwenye beseni. Wanafunzi wangu wananielewa kuliko yeye. Nafikiria kupanga chumba na kuhama kwa miezi mitatu ili nifanye kazi kwa utulivu. Je, nilikosea kuoa mtu asiyejua sanaa?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu na kwa upweke, maana kazi ya msanii ina vipindi ambavyo mtu hutoka jasho na mkono ukarudi mtupu, na hakuna anayekulipa kwa kutazama. Kutazama ni kazi, na katika hilo niko upande wako. Mchoraji Mfaransa Degas aliandikishwa kuwa mnakili katika makumbusho ya Louvre, Paris, mwaka 1853, akiwa hajatimiza hata miaka 20, akakaa mbele ya kazi za waliomtangulia akizinakili mstari kwa mstari. Lakini nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta penseli, na sikuiona. Unasema ulitazama, husemi ulichora. Makumbusho mengi humruhusu mgeni kuingia na penseli na daftari, na anayenakili hulazimika kuona jinsi bega lilivyoungana na shingo, au mahali ambapo kivuli kinakoma, mambo ambayo jicho la mpita njia huyaruka. Kama mwezi mzima hukujaza hata daftari moja, basi swali la mkeo lilikuwa tayari linakusumbua moyoni kabla yeye hajalitamka, na nadhani ndiyo sababu lilikuuma kiasi hicho.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, ila katika safu hii asiyekuwapo ndiye ninayemtafuta kwanza. Mkeo hakuniandikia, lakini umemwacha kila mahali katika barua yako. Yumo katika neno "kidogo". Umesema ulichukua kidogo kwenye akiba, na umelipitisha neno hilo haraka, katikati ya karatasi na dawa, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai. Ingekuwa kidogo kweli, ungetaja ni kiasi gani. Ingekuwa mlikubaliana, ungesema "tulichukua". Akiba ya watu wawili haiguswi na mkono mmoja, hata mkono huo uwe na kipaji namna gani. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, mwanangu, na kosa hilo ni lako peke yako.

Sasa tuje kwenye beseni. Umeandika "beseni" bila kusema la nani, nami naona wazi kwamba ni beseni la kufulia. Njia hiyo ya kuchapa picha za buluu, iliyobuniwa na mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, hutumia chumvi mbili za chuma zinazochanganywa na kupakwa kwenye karatasi mahali pasipo na mwanga mkali. Karatasi ikishakauka huanikwa juani, kisha husafishwa kwa maji matupu mpaka umanjano wote utoke na buluu ibaki. Rangi hiyo haivumilii magadi, na sabuni nyingi za kufulia zina magadi ndani yake. Kwa hiyo ni kweli kwamba mabaki ya sabuni yanaweza kufifisha picha, na nakuamini ziliharibika. Lakini beseni la kufulia lina haki ya kuwa na sabuni! Wewe ndiye uliyepeleka dawa mahali pa nguo za watoto, na kila anayefundisha njia hii huwaambia wanafunzi kwamba vyombo vya kuchapia visitumike tena kwa shughuli za nyumbani. Unalalamika kwamba sabuni yake iligusa karatasi zako. Je, umewahi kujiuliza ni mashati mangapi yaliyopata madoa ya buluu, na ni nani aliyeyasugua bila kukuandikia barua?

Kuhusu wanafunzi wako, hapo ndipo barua yako inaponipa matumaini na pia mashaka. Unakutaja kufundisha kama mzigo wa jioni, wakati huenda ndiyo shughuli pekee ya mwezi huo iliyoleta chochote nyumbani. Usiidharau. Mchoraji Josef Albers alianza kufundisha Black Mountain College, chuo cha Marekani, mwaka 1933, na katika mazoezi aliyowapa wanafunzi ya kuona jinsi rangi moja inavyobadilika kulingana na jirani yake, ndimo ulimokuwa ukikua mfululizo wa michoro ya miraba aliouanza mwaka 1950 na kuuendeleza hadi alipofariki mwaka 1976, zaidi ya kazi 1,000. Nyuma ya mbao alizochorea kazi hizo aliandika rangi alizotumia na watengenezaji wake. Hayo ndiyo majaribio: mtu anajua alichoweka, kiasi gani, na kilichotokea. Wewe ukiulizwa leo kwa nini karatasi moja ilitoka buluu nzito na nyingine hafifu, una maandishi yoyote ya kuonyesha, au utamtaja tena mkeo na sabuni yake?

Na hao wanafunzi "wanaokuelewa" wanakuelewa kwa sababu umekaa nao jioni baada ya jioni ukawaeleza. Ni lini ulimweleza mkeo? Wao wanaona mikono yako ikifanya kazi. Yeye anaona kiti kitupu na beseni lenye madoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa za wanaoanza ni tamu mno kwa mtu ambaye nyumbani anadaiwa maelezo.

Wewe si wa kwanza. Amélie aliolewa na mchoraji Mfaransa Henri Matisse mwaka 1898. Mwaka 1899 Matisse alinunua mchoro mdogo wa mchoraji mwenzake Cézanne wa wanawake watatu wakioga, wakati hali yao ya fedha ilikuwa ngumu, na mwaka huohuo Amélie akafungua duka la kofia ili nyumba isilale njaa. Mwanamke mwenye kofia kubwa ambaye Matisse alimchora mwaka 1905 na kuzua gumzo Paris ni Amélie huyohuyo. Mchoro wa Cézanne ulimfaa sana Matisse, akakaa nao hadi mwaka 1936 alipoutoa kwa makumbusho ya jiji la Paris. Ndoa haikudumu hivyo: walitengana mwaka 1939. Sisemi kofia na mchoro ndivyo vilivyowatenganisha. Nasema kila jina kubwa unalolitazama ukutani huenda lina mtu aliyebeba nyumba, na jina la huyo halikuandikwa chini ya fremu.

Ndoa za siku hizi zinanihuzunisha kwa jambo hili. Mtu hupiga picha ya kila hatua ya kazi yake akaituma kwa watu asiowajua, wakamsifu kwa mioyo myekundu, ilhali anayelala naye kitanda kimoja anazipata habari zake kwenye simu kama jirani wa mbali. Kisha tunasema hatueleweki. Mwenzi hahitaji kujua majina ya mabingwa ili astahili kuambiwa unakwenda wapi na kwa fedha za nani. Uliuliza kama ulikosea kuoa asiyejua sanaa. Mtu anayeuliza "umetengeneza nini" anataka kuona, na wewe hukumwonyesha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa naye watoto wakishalala, umtajie kiasi ulichochukua, chote, na ni darasa lipi litakalokirudisha na kwa muda gani. Nunua beseni lako, uliandike jina, uliweke mbali na jiko na nguo. Anza daftari la majaribio. Kisha mwalike makumbusho, na ukifika usimhutubie. Mwache achague chumba, akae mbele ya picha inayomvuta, nawe uichore hiyo aliyoichagua yeye.

Na hicho chumba cha miezi mitatu, hapana. Fedha ya kukilipia ungeitoa wapi, kama si kwenye akiba ileile?