Maswali Yenu: Kiwavi wa Mlimau, Kerengende na Ndege Mla Kaa

SWALI: Habari za kazi. Nina mlimau nyuma ya jiko, mwezi huu majani yanaliwa na vidudu kama mavi ya ndege, nikagusa kimoja kwa kijiti kikatoa pembe nyekundu na harufu mbaya. Jirani anasema nipulize dawa. – Mama wa Watatu, Kilifi

JIBU: Mama, tafadhali hiyo dawa iweke chini kwanza. Hao ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, wakiwa wadogo wanajifananisha na kinyesi ili ndege awapite, wakikua wanageuka kijani kabisa na hapo kuwaona mpaka uinamishe tawi. Ile siyo pembe, ni kinyama laini chenye ncha mbili kinatokea nyuma ya kichwa akitishwa, haumi wala hawashi. Mti mkubwa unastahimili. Kama ni mche, wahamishe kwa mkono kwenye mdimu au mchungwa mkubwa, wanakula jamii yote hiyo. Na si hapo Gede tu karibu na kwenu ambapo mradi wa Kipepeo tangu 1993 unanunua kutoka kwa wanakijiji wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke pupa (kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo) za vipepeo wanaowafuga? Wewe unao bure! Afu yule ndege mdogo chozi anayekuja kwenye maua yako analisha makinda yake wadudu na buibui, na kiota chake kinashikiliwa na utando wa buibui, kwa hiyo ukipuliza dawa na yeye umemfukuza.

SWALI: Kila vuli juu ya kiwanja chetu wanajaa kerengende rangi ya dhahabu, mamia, na hatuna mto wala bwawa karibu. Wanatoka wapi? – Kijana wa Pangani

JIBU: Mdogo wangu, swali hili nimelisubiri siku nyingi. Inaelekea wengi wao wametoka India! Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliona kila mwaka kuanzia Oktoba kerengende hawa wanafika kwa wingi, na visiwa vile maji yasiyo ya chumvi juu ya ardhi karibu hakuna, sasa wamezaliwa wapi? Mwaka 2009 akaandika kwamba wanavuka bahari wakiwa juu sana, wanabebwa na upepo, wanafuata mvua mpaka kwetu, na mzunguko mzima wa kwenda na kurudi aliukadiria kilomita 14,000 mpaka 18,000, ila hakuna mmoja anayeumaliza, wanapokezana vizazi. Mdudu wa sentimita tano hivi! Akifika anataga kwenye dimbwi lolote la mvua, hata lile la njiani linalokauka, manake mtoto wake anakua haraka, wiki sita hivi anaweza kuwa tayari kuruka. Jioni mtazame mmoja tu, usiangalie kundi, utaona hapigi mabawa muda wote, anateleza hewani kama tiara, bawa la nyuma ni pana pale linapoungana na mwili, ndo linambeba. Na anakamata mbu hapo hapo anaporuka. Kwa hiyo waambie watoto wasiwafunge uzi mkiani, nakuomba sana.

SWALI: Mimi naishi Muscat. Nilipokuja likizo Watamu mwezi wa kwanza nikaona ndege weupe na weusi, domo nene jeusi, miguu mirefu, wanakula kaa. Mbona kama wa huku? – Dada wa Muscat

JIBU: Ni wa huko kweli dada yangu. Wanazaa pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, wakati wa kiangazi chenu kile kikali. Wanachimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe, joto la mchanga linasaidia kuliatamia, ndo maana jua lile kwao ni faida. Kisha wanashuka kwetu. Ukija tena tafuta yule wa kijivu anayemfuata mkubwa huku akilia, huyo ni mtoto bado anaomba kaa, kasafiri na mzazi wake safari yote hiyo. Nenda hori la Mida maji yakianza kujaa, yakijaa yanawasogeza ndege karibu na mikoko, na jioni kaa mpaka ndege keremkerem wekundu waje kulala humo humo mikokoni. Chukua darubini, simu haitafika.