Maswali na Majibu: Beringi na Grisi za Tela la Safari

Swali: Nimenunua tela la kulala lililokwisha kutumika, huku Marekani, lenye ekseli ya ratili 3,500. Nitajuaje beringi zinazolifaa?

Jibu: Uzito ulioandikwa kwenye ekseli hautoshi, kwani ekseli nyingi za ratili 3,500 huchukua beringi ya L68149 kwa ndani na L44649 kwa nje, ilhali nyingine hutumia L44649 pande zote mbili. Fungua habu (kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi), futa beringi kuukuu na usome namba iliyochongwa juu yake. Ikiwa imefutika, pima kipenyo cha ekseli pale beringi inapokaa, na pale sili (mpira unaozuia grisi isivuje) inapokaa pia. Kila beringi inunuliwe na bakuli lake la nje, yaani L68111 kwa ile ya kwanza na L44610 kwa ya pili, kwa sababu roli (vyuma vya mviringo vya ndani ya beringi) mpya zikizunguka ndani ya bakuli lenye mikwaruzo huharibika upesi. Sili nayo iwe mpya. Bei yake ni ndogo mno kuifanyia ubahili.

Swali: Fundi anasema grisi nyekundu ndiyo bora. Je, ni kweli?

Jibu: Hapana. Rangi huongezwa na mtengenezaji apendavyo. Tafuta kwenye kopo alama ya NLGI namba 2 (kipimo cha uzito wa grisi) pamoja na herufi GC-LB (yaani yafaa beringi za magurudumu na chesisi). Grisi ya lithiamu kompleksi inayostahimili joto la nyuzi 230 za Selsiasi hivi kabla ya kuyeyuka inafaa vizuri kwa habu zenye breki. Usiichanganye na grisi ya polyurea (aina nyingine ya grisi), kwani mchanganyiko huo waweza kulainika na kuchuruzika. Osha ya zamani yote, na beringi zikauke kabisa kabla ya kuzipaka.

Swali: Ekseli yangu ina chuchu ya grisi (tundu la kusukumia grisi ndani bila kufungua). Je, kuna haja ya kufungua habu?

Jibu: Ipo, kila baada ya miezi 12 au maili 12,000. Bomba la grisi halikuonyeshi beringi iliyoanza kubadilika rangi kwa joto, na ukisukuma kwa nguvu grisi hupenya sili na kulowesha breki. Binafsi naamini zaidi kiganja: grisi isukumwe katikati ya roli hadi itokeze upande wa pili.

Swali: Nati inayoshikilia habu kwenye ekseli ikazwe kiasi gani?

Jibu: Ikaze huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze bila kuzungusha habu, kisha ikaze kwa vidole tu na utie pini. Mchezo mdogo sana unaobaki, yaani habu kutikisika kidogo, ni wa kawaida.