Safari ya kwanza ya meli ya kitalii kwa wanandoa: anzeni na pasipoti, meli ije baadaye

Kama wewe na mwenzi wako mnapanga safari yenu ya kwanza ya meli ya kitalii, wekeni kando kwanza zile picha za meli zenye mabwawa ya kuogelea kila ghorofa. Toeni pasipoti zenu mbili mziweke mezani. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki pasipoti ndiyo inayoamua nusu ya safari. Kuna watu wanalipia meli ya Karibi inayoanzia Marekani kwa furaha kubwa, halafu wanaambiwa tarehe ya usaili wa visa ya Marekani ni miezi kadhaa baada ya meli kung'oa nanga.

Sisi tulichagua Durban, na mtu akiniuliza leo namwelekeza hukohuko. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila visa hadi siku 90 kwa mwaka, na Mkenya naye amepata nafuu hiyo tangu Januari 2023. Kila msimu, kuanzia Novemba hivi mpaka kuelekea Aprili, kampuni ya MSC huleta meli ya abiria Durban. Ndiyo, ni MSC ileile ambayo jina lake mnaliona kwenye makontena bandarini Dar na Mombasa. Kutoka hapo kuna safari fupifupi za usiku mbili, tatu, nne hata tano, nyingi zikienda pwani ya Msumbiji: Pomene, kule Inhambane, na kisiwa kidogo kiitwacho kisiwa cha Wareno (Portuguese Island), jirani na kisiwa cha Inhaca kwenye ghuba ya Maputo. Mtanzania haombi visa ya Msumbiji kwa matembezi mafupi kama haya. Mkenya aombe kampuni imthibitishie kwa maandishi kabla ya kulipa, maana anayekataliwa kupanda meli kwa ajili ya karatasi harudishiwi hela. Cheti cha homa ya manjano pia kiwe kwenye mkoba.

Ulaya nayo inavutia, sikatai. Meli za Mediterania zinapita Barcelona, Marseille, Genoa na Naples ndani ya wiki moja, na mtu akiziona zote kwa visa moja ya Schengen, ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, anaona amepata. Ila tazameni njia ya meli bandari kwa bandari. Ikigusa Tunisia au Uturuki kisha ikarudi Italia, mmetoka Schengen na mnaingia tena, kwa hiyo visa lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ada ya visa hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni sharti. Safari za Ghuba zinazoanzia Dubai wakati wa baridi zina mtego uleule: meli ikienda Doha au Muscat na kurudi, visa ya kuingia mara moja haitoshi. Ndiyo maana nasema safari ya kwanza iwe ya karibu, mjifunze maisha ya melini bila kubeba pia mzigo wa ubalozini.

Sasa urefu wa safari. Wengi hushawishika na ile ya usiku mbili kwa sababu bei yake iko chini, na mimi siipendekezi kwa wanandoa. Siku ya kupanda inaisha kwenye foleni, zoezi la usalama na kutafuta ngazi ipi inakwenda wapi. Usiku wa mwisho mnatakiwa kuweka mabegi makubwa nje ya mlango, na asubuhi mnashuka mapema. Katika usiku mbili mnabaki na siku moja tu yenu. Tena zile za wikiendi kutoka Durban hujaa vikundi vya marafiki waliokuja kwa muziki mpaka alfajiri. Chukueni usiku nne. Hapo mnapata siku tatu kamili, na mojawapo kwa kawaida ni ya baharini tu, meli haisimami popote. Siku hiyo ndiyo tamu kuliko zote kwa watu wawili ambao nyumbani wanaonana usiku wakiwa wamechoka na foleni za Mandela Road, Dar.

Kuhusu mwezi, mimi naupenda mwisho wa Novemba. Kuanzia katikati ya Desemba shule za Afrika Kusini zimefungwa, bei zinapanda na bwawa linakuwa la watoto. Januari hadi Machi watoto wamepungua, lakini ndio wakati ambao vimbunga huipiga zaidi Msumbiji. Kimbunga Idai kilikuwa Machi 2019, na kimbunga Freddy kiliipiga nchi ile mara mbili, Februari na Machi 2023. Meli haipelekwi ndani ya kimbunga. Nahodha hubadilisha njia, na tiketi inampa haki hiyo. Hata bila kimbunga, Pomene na kisiwa cha Wareno hakuna gati ya meli kubwa: meli inatia nanga mbali na abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti ndogo, kwa hiyo mawimbi yakizidi hamshuki. Ikiwa safari yenu itaharibika kwa sababu mmekosa ufukwe mmoja, basi hii haijawa ya kwenu bado.

Niseme kwa kirefu juu ya chumba, kwa sababu hapa ndipo wanandoa wanapokosea hesabu. Kuna cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha lisilofunguka, na chenye kibaraza kinachotazama bahari. Mtaambiwa cha ndani kinatosha, kwani chumbani mtalala tu. Kwa kijana anayesafiri na rafiki zake ni sawa. Kwa mume na mke, fikirieni hivi: chumba cha ndani taa ikizimwa ni giza totoro, mchana na usiku sawasawa, na ukubwa wake ni kama mita za mraba 13 au 15 pamoja na choo. Mume wangu huamka alfajiri kuswali na hawezi kulala tena. Mimi likizo nalala mpaka saa mbili asubuhi. Kwenye chumba cha ndani angewasha taa na mimi ningeamka, au angetoka akazunguke korido peke yake. Kwa kuwa tulikuwa na kibaraza, alisali, akavuta mlango wa kioo taratibu, akakaa nje na chai yake akitazama meli za mizigo zikipita kwa mbali. Nilipoamka nilimkuta ametulia, na maongezi yetu ya asubuhi tuliyafanya hapo. Kibaraza kinawapa wawili vyumba viwili.

Kama mfuko hauruhusu, chukueni chenye dirisha katikati ya meli na sitaha za chini. Ndiko meli inakoyumba kidogo zaidi. Kabla ya kuthibitisha, tazameni ramani ya meli: chumba kilicho chini ya bwawa au chini ya ukumbi wa bafe kitawaamsha kwa viti kuburuzwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitawanyima usingizi. Chumba chenye dirisha kikiwa nafuu kuliko wenzake, ulizeni kama boti za kuokolea zimeziba mandhari. Na ile bei ya chini kabisa ambayo kampuni inajichagulia ni chumba gani iwape, waachieni waliokwishazoea. Ombeni pia vitanda viunganishwe, kwa sababu vyumba vingi vina vitanda viwili vidogo ambavyo mhudumu huvisogeza pamoja, na asipoambiwa anaweza kuviacha mbalimbali.

Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja akiwa amegawana chumba na mwenzake. Juu yake kuna kodi za bandari, na bakshishi ya wahudumu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Jumlisheni vyote, ongezeni nauli ya ndege ya kwenda Durban kupitia Johannesburg na hoteli ya usiku mmoja kabla, kisha mgawe kwa idadi ya usiku. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na hoteli ya Zanzibar. Usiku huo wa kabla msiuondoe kupunguza gharama. Ndege ikichelewa Johannesburg, meli haitawasubiri.

Chakula cha ukumbi mkuu na cha bafe kimo ndani ya bei, pamoja na maonyesho ya jukwaani. Soda, pombe, intaneti, masaji na matembezi ya nchi kavu mara nyingi ni hela nyingine. Vifurushi vya vinywaji visomeni kwa makini, kwani kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue. Kama mmoja wenu hanywi pombe, mnaweza kulipia glasi zake bila yeye kuzigusa. Ndani ya meli hamtumii noti. Kila mtu anapewa kadi, na kadi zenu wawili zinaingia kwenye akaunti moja, hivyo kubalianeni kiwango kabla ya kupanda, na kila jioni tazameni deni limefika wapi. Simu ziwekeni kwenye hali ya ndege mara tu meli inapoondoka. Mtandao wa simu wa melini unapita kwenye setilaiti, na bili yake inaweza kuzidi bei ya chumba.

Waliofunga ndoa karibuni, kateni tiketi kwa jina lililo kwenye pasipoti. Bibi harusi akitumia jina la mume wakati pasipoti bado ina jina la baba yake, atazuiwa. Mwenye mimba naye ahesabu wiki zake mpaka siku ya mwisho ya safari, siyo siku ya kupanda, kwa kuwa kampuni kubwa hazipokei mimba iliyofika wiki ya 24.

Suala la halali liandikwe wakati wa kukata tiketi. Bafe ina nguruwe karibu na vyakula vingine, na mhudumu wa ukumbini hawezi kubadilisha jiko siku hiyohiyo. Sisi tuliandika mapema, tukala samaki na mboga zaidi, na hatukulala njaa. Ombeni vilevile meza ya watu wawili. Usipoomba unaweza kukalishwa na wageni sita, nao wanaweza kuwa wacheshi sana, lakini ikiwa ni fungate hamkwenda kutafuta wacheshi.

Mwenye kuchafukwa kwenye boti ya Unguja asikate tamaa. Meli kubwa ina mapezi ya pembeni chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na haipigi yale mapigo ya boti ya kasi. Hata hivyo maji ya Durban yana mkondo mkali wa Agulhas, na upepo wa kusini-magharibi ukivuma utasikia. Nunueni dawa ya kichefuchefu duka la dawa nyumbani, ulizeni kama inaendana na dawa nyingine mnazotumia, na mmeze kabla ya mawimbi. Ukianza kutapika umechelewa. Tangawizi ilinisaidia mimi, na kutoka nje kutazama upeo wa bahari kulinisaidia zaidi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba meli ilitufaa kwa sababu tuliweza kuachana. Yeye hapendi kucheza muziki, mimi napenda. Saa kumi jioni nilikuwa kwenye mafunzo ya dansi, yeye amelala. Tulipanga tu mahali na saa ya kukutana, kwa sababu kutafutana kwenye sitaha kumi bila simu kunaweza kula jioni nzima. Ikiwa mmoja wenu anataka mwenzake awe pembeni yake kila dakika, lizungumzeni nyumbani kabla ya kulipa, na mwulizane kila mmoja anakwenda kupumzika kutokana na nini. Jibu la mume wangu lilikuwa simu za kazini. Kwa hiyo hatukununua intaneti, na watoto tuliwaachia dada yangu pamoja na namba ya dharura ya meli.

Mkishaamua, kateni tiketi miezi sita au zaidi kabla. Vyumba vya katikati vyenye kibaraza huisha mapema, na zile bei za dakika za mwisho zinamfaa mkazi wa Durban anayeendesha gari lake mpaka bandarini.