Najua yoga: je, naweza kuwafanyia watu masaji ya Kithai?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha yoga Unguja, na siku hizi wageni wananiulizia masaji ya Kithai. Wenyewe wanaiita "yoga ya mvivu": unalala tu, mwenzako anakukunja. Mikao naijua vizuri. Je, kweli hii ni yoga, na naweza kuanza kuwafanyia? Kuna mama mmoja mwenye presha anataka awe wa kwanza.

JIBU: Nzuri, dada yangu. Nianze na huyo mama, kwa sababu suala lake halisubiri. Usimkande bado. Katika masaji ya Kithai kuna hatua inayoitwa kufungua mlango wa upepo. Mkandaji huweka kiganja kwenye kinena, juu ya mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mguuni, akauegemea taratibu mpaka asikie mapigo chini ya mkono. Hutulia hapo kwa muda, kisha huachia polepole, na mteja husikia joto likiteremka hadi kwenye nyayo. Kwa mwenye afya njema inapendeza sana. Kwa mwenye presha, ugonjwa wa moyo, mishipa iliyovimba miguuni au historia ya damu kuganda, na kwa mjamzito, hatua hiyo haifanywi kabisa. Mama apimwe kwanza. Presha ikiwa imetulia kwa dawa na daktari wake ameridhia, utamkanda kwa upole, bila kugusa kinena na bila kumwinua miguu kupita kichwa chake.

Sasa kuhusu yoga. Undugu upo, na si wa kubuniwa na wenye hoteli. Elimu hii ilifika Siam, yaani Thailand ya zamani, pamoja na dini ya Kibuddha na tiba za Kihindi, ikachanganyika na ukandaji wa wenyeji. Mpaka leo wakandaji wengi wa Kithai huanza kazi kwa dua ya kumkumbuka Jivaka, tabibu anayesimuliwa kuwa alimtibu Buddha mwenyewe. Katika miaka ya 1830, Mfalme Rama III aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mawe katika hekalu la Wat Pho, Bangkok, ili kila mtu aisome. Ukifika pale utaona michoro ya mwili wa binadamu yenye mistari na nukta za kubonyeza. Uani kuna sanamu za watawa wa msituni wakijinyoosha viungo, mmoja kajishika mguu, mwingine kajipinda kiuno. Mazoezi hayo huitwa ruesi dat ton, na wewe ukiyatazama utatambua mikao kadhaa mara moja.

Mistari hiyo huitwa sen, na mikuu ni 10. Wewe uliyesoma nadi, yaani njia za nguvu mwilini katika yoga, hutapata shida nayo. Nadi za ida na pingala huku zinaitwa ittha na pingkhala, moja ikiishia pua ya kushoto na nyingine ya kulia, na sushumna inafanana na sumana, inayopita katikati. Zote huanzia karibu na kitovu. Kinachopita humo Wathai hukiita lom, yaani upepo. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kwa hiyo niseme wazi: ukiupasua mwili huikuti sen kama unavyoukuta mshipa wa damu. Hata hivyo naiheshimu ramani hiyo, kwa sababu mkandaji anayeifuata hupita kwenye misuli mikubwa ya paja, mgongo na bega kwa mpangilio, wala haruki sehemu. Faida zake tuzitaje kwa kiasi. Hupunguza maumivu ya mgongo yatokanayo na misuli iliyokaza, huongeza wepesi wa viungo kwa muda na hutuliza akili. Anayekuambia kwamba inatibu kisukari anakudanganya.

Lakini kujua mikao hakukufanyi uwe mkandaji. Mtu anayefanya yoga mwenyewe ana breki yake: misuli ikiuma, anarudi. Aliyelala kwenye godoro lako amekukabidhi breki hiyo. Chukua mkao wa swila. Mteja amelala kifudifudi, wewe umemshika mikono na unaegemea nyuma kwa uzito wa mwili wako ili kifua chake kiinuke. Usimvute kwa nguvu za mikono. Egemea anapotoa pumzi, na macho yako yasitoke kwake. Pumzi ikikatika, vidole vya miguu vikijikunja au shingo ikikaza, umeshapita kikomo hata kama mdomo wake unasema "endelea". Na wa kuogopewa zaidi si yule mgumu. Ni yule mlaini, mwanafunzi wako bora pengine, ambaye misuli yake haikupi onyo lolote mpaka kiungo kimefika mwisho.

Mwenye mifupa dhaifu, maumivu yanayoshuka mguuni kwa ganzi, homa, au aliyepasuliwa karibuni, mpeleke hospitali kwanza. Shingo usiizungushe kwa ghafla wala kuivunja ili ilie, kwa mteja yeyote. Mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo inapita hapo, na ikichanika inaweza kuleta kiharusi.

Mafunzo basi. Shule ya Wat Pho ilianza mwaka 1955, na mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, nako kuna walimu wengi. Zipo kozi za siku tano. Kozi hizo zinatosha kukuonyesha njia, ila hazikutoshi kupokea wateja. Tafuta mwalimu atakayekusimamia ukiwakanda watu wa maumbo tofauti, wanene na wembamba, vijana na wazee. Ukianza, anza na miguu. Watu hukimbilia mikunjo ya kupigia picha, wakati sehemu kubwa ya kazi ni kubonyeza nyayo, mashavu ya miguu na mapaja kwa kidole gumba na kiganja, mteja akiwa na nguo zake, bila mafuta. Kwa miezi ya mwanzo ningependa ufanye hizo sehemu tu, na mkao wa swila uuache mpaka mwalimu wako akuruhusu.